Matrilioni ya kawi safi na laki sita za chama cha Kongowea

*Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mhazini wa chama cha akina mama kumi na wanne. Tunauza samaki na barafu karibu na soko la Kongowea, hapa Mombasa. Tuna friza tano na stima inatutoa kama shilingi 12,000 kila mwezi. Akiba yetu imefika laki sita. Kijana wa mwenzetu anasema pesa za dunia nzima sasa zinakimbilia umeme wa jua na upepo, na tukichelewa tutaachwa. Ametuonyesha programu ya simu inayolipa asilimia 3 kwa siku kutoka mashamba ya sola ya ng'ambo. Mwenzetu mwingine anataka tununue hisa. Je, hizo pesa zipo kweli? Kama zipo, mbona stima yetu haishuki bei? Na baadhi yetu hatutaki kuingia kwenye riba.*

Waaleikum salaam, Bi mhazini.

Nianze na hiyo programu, maana haihitaji mtaalamu. Asilimia 3 kwa siku, ikiachwa ijizalie, hufanya pesa kuwa mara mbili kwa siku 24. Kwa mwaka mmoja laki sita zenu zingekuwa zaidi ya shilingi bilioni 29. Hakuna jua la namna hiyo, si Dubai si India. Mwenye shamba zuri la sola akipata asilimia 10 kwa mwaka anamshukuru Mungu. Hapo wanaolipwa mwanzo wanalipwa kwa pesa za wanaoingia nyuma yao, na siku wa nyuma wakikatika programu nayo haifunguki. Mwambieni kijana kwa upole, huenda na yeye katapeliwa.

Sasa swali lenyewe. Pesa zipo, tena nyingi. Shirika la Kimataifa la Nishati, lenye makao yake Paris, lilikadiria kwamba mwaka 2025 dunia ingewekeza dola trilioni 3.3 katika nishati ya kila aina. Kati ya hizo, trilioni 2.2 ziende kwenye kile wanachokiita nishati safi, na mafuta, gesi na makaa ya mawe yabaki na trilioni 1.1. Kwa shilingi zetu, dola moja ikiwa 129, hizo trilioni 2.2 ni kama trilioni 284, zaidi ya mara sitini ya bajeti ya serikali yetu ya mwaka. Miaka kumi kabla ya hapo, pesa zilizokwenda kwenye mafuta, gesi na makaa zilizidi kwa asilimia 30 zile zilizokwenda kwenye umeme wote pamoja na nyaya zake. Mzani umepinduka.

Ila neno "safi" hapo lina tumbo kubwa. Ndani yake mna paneli na mapanga ya upepo, lakini pia mna nyuklia, nyaya za umeme, betri, magari ya umeme, hata kuziba nyumba za Ulaya zisivuje joto. Anayewaambia "trilioni mbili zimekwenda kwenye jua" hajasoma mpaka chini. Jua peke yake lilikadiriwa kupata dola bilioni 450, na hicho ndicho kifungu kikubwa kuliko vyote katika nishati duniani. Nyaya na vituo vya kusambazia hupata kama bilioni 400 kwa mwaka, na wataalamu wanalia kwamba hazitoshi: paneli zinaota haraka kuliko nguzo za kuzibeba. Betri za kuhifadhi umeme wa gridi, bilioni 66.

Zinakwenda wapi? China peke yake inachukua kama theluthi. Ulaya na Marekani zinafuata, ingawa Marekani imegeuka njiani: Agosti 2022 ilipitisha sheria ya kumwaga ruzuku kwa kawi safi, na Julai 2025 ikapitisha nyingine ya kukata sehemu kubwa ya ruzuku hizo. Waliokuwa wamepanga viwanda kwa hesabu ya sheria ya kwanza walibaki wamesimama na kalamu mkononi. Afrika ina mtu mmoja kati ya kila watano duniani, na katika kila shilingi ya kawi safi inapata kama senti mbili.

Senti mbili, na jua lote hili! Watu husema wazungu hawatuamini, au serikali zetu zinakula. Kuna kweli humo, lakini jibu zito zaidi liko kwenye riba, jambo ambalo nyinyi wenyewe mmeligusa kwa upande mwingine.

Mtambo wa dizeli ni rahisi kununua na ghali kulisha: kila siku unanunua mafuta. Shamba la sola ni kinyume chake. Gharama karibu yote unailipa siku ya kwanza, kisha miaka 25 jua linakuja bure. Kwa hiyo bei ya umeme wake inategemea zaidi yule aliyekukopesha kuliko jua lenyewe. Fanyeni hesabu hii. Shamba limegharimu shilingi milioni 100, zote za mkopo, zinalipwa kwa miaka 25. Riba ikiwa asilimia 4, kila mwaka unalipa kama milioni 6.4. Riba ikiwa asilimia 12, unalipa kama milioni 12.75. Paneli ni zilezile, mafundi walewale, huenda hata jua la huyu wa pili ni kali zaidi, lakini umeme wake unatoka kwa bei mara mbili. Wa kwanza ni Mjerumani, wa pili ni sisi. Na hiyo asilimia 12 ni ya upole: Februari 2024 serikali ya Kenya yenyewe, katika bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu, ilikopa shilingi kwa asilimia 18.46. Mwekezaji binafsi anayetaka kujenga sola Langobaya, kule Kilifi, atakopa kwa ngapi?

Ndiyo maana wengi hukopa kwa dola au yuro, ambako riba ni ndogo, kisha mkataba wa kuuza umeme nao unaandikwa kwa dola au yuro. Hapo ndipo mnapoingia nyinyi. Fungua ule ujumbe wa tokeni kwenye simu, usome mistari ya chini ambayo hatuisomi. Mna ada ya mafuta ya mitambo, na mna ada ya mabadiliko ya fedha za kigeni. Januari 2024 dola ilipofika kama shilingi 160, upepo wa Turkana haukubadilika hata kidogo, lakini tokeni za Kongowea zilibadilika.

Na hili linajibu nusu ya swali lenu la bei. Nusu nyingine ni kwamba Kenya haikungoja wimbi hili. Karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi yetu tayari unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Paneli zikishuka bei China, mikataba tuliyokwisha kutia saini haishuki, ni ya miaka ishirini ishirini. Halafu saa moja usiku, kila nyumba kuanzia Kisauni mpaka Likoni inapowasha taa, feni na televisheni kwa pamoja, jua limeshazama, na mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai inaitwa kazini. Umeme wa hapo ndio unaopandisha ule mstari wa ada ya mafuta.

Niwape visa viwili vya nyumbani, maana vinaeleza mambo haya kuliko takwimu za Paris.

Cha kwanza ni Ziwa Turkana. Mapanga 365, megawati 310, mradi mkubwa wa upepo kuliko yote barani wakati unajengwa. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijitoa kwenye dhamana yake, kwa hofu kwamba Kenya Power ingelazimika kununua umeme usiohitajika. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikashika usukani, pesa zikapatikana, mapanga yakasimama yote mwaka 2017. Waya wa kupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, haukuwa tayari. Mapanga yakakaa mwaka mzima na zaidi yakitazamana na upepo, na Kenya ikatozwa mabilioni kwa kuchelewesha waya, kwa kuwa mkataba ulisema hivyo. Waya ulikamilika 2018. Leo mradi ule unafanya kazi nzuri, na mtu akiutukana mimi huutetea. Lakini ukitaka kujua kwa nini mwekezaji wa Kenya anaulizwa maswali mia kabla ya kupewa senti, tazama ule mwaka wa mapanga yaliyosimama.

Cha pili ni Lamu. Mnakumbuka ule mtambo wa makaa ya mawe, megawati 1,050, uliokuwa ujengwe Kwasasi. Watu wa Lamu walikwenda mahakamani, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta kibali chake. Mwaka huo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitautia pesa. Mwaka 2020 benki kubwa ya China, ICBC, iliyokuwa itoe mkopo wenyewe, ikajiondoa. Mwaka uliofuata Xi Jinping akatangaza kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Pesa za makaa zimekuwa kama jahazi lililokosa bandari: ndani ya miaka michache, mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa, na si kwa mapenzi ya mazingira peke yake. Wakopeshaji waliona wazi kwamba mtambo wa miaka thelathini ungeshindwa na paneli kabla haujamaliza deni lake.

Sasa hisa. Hapa ndipo watu wengi hutegwa, na si kwa utapeli. Wanafikiri pesa zikimiminika kwenye biashara fulani, wenye biashara hiyo lazima watajirike. Tazameni yaliyotokea. Kampuni za China zilijenga viwanda vingi vya paneli kuliko dunia inavyoweza kununua. Bei ya paneli mwaka 2023 ilianguka karibu nusu. Longi, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za paneli duniani, ilipata hasara ya yuan zaidi ya bilioni 8 mwaka 2024, mwaka ambao dunia ilifunga paneli nyingi kuliko wakati wowote kabla yake! Kwenye upepo, kampuni ya Denmark iitwayo Ørsted ilikuwa kipenzi cha kila mwekezaji. Riba zikapanda, chuma kikapanda, na Novemba 2023 ikavunja miradi miwili ya baharini huko New Jersey. Hisa zake zikaanguka kama robo nzima kwa siku moja.

Hapa nyumbani, KenGen, kampuni inayozalisha umeme wetu mwingi, iliuza hisa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90. Watu walipanga foleni mpaka nje ya benki, mimi nilikuwa mmoja wao. Kampuni yenyewe haikuharibika: imechimba Olkaria, imepata faida. Lakini mwisho wa 2023 hisa ile ilikuwa inauzwa kama shilingi mbili. Mwaka 2025 ilipanda tena sana, na aliyenunua kwa shilingi mbili anacheka. Sisi wa foleni bado tunahesabu magawio tuone kama tumerudi pale tulipoanza.

Basi nani kala wimbi hili? Mnunuzi. Mwaka 2010 umeme wa shamba kubwa la sola uligharimu wastani wa senti 46 za dola kwa yuniti. Kufikia 2023 ulikuwa senti 4.4. Hasara ya kiwanda cha China imekuwa punguzo kwa mwenye paa. Waliolielewa hili mapema ni Wapakistani, wateja wetu wakubwa wa chai ya mnada wa Mombasa na watu wanaotuletea mchele. Serikali yao ilipopandisha bei ya umeme mfululizo, hawakungoja mwekezaji wala benki ya dunia. Mwaka 2024 waliingiza paneli za kama megawati 17,000, na nyingi zilikwenda kwenye mapaa, mashamba na viwanda vya watu binafsi. Afrika nayo imeanza: katika miezi kumi na miwili iliyoishia Juni 2025, paneli zilizotoka China kuja bara hili zilipanda kwa asilimia 60 na kufika megawati 15,000.

Kwa hiyo ushauri wangu, Bi mhazini: msiende kutafuta wimbi Nairobi wala ng'ambo. Kaeni upande wa mnunuzi. Friza tano zenyewe ni biashara ya kawi.

Shilingi 12,000 kwa mwezi, tukikadiria shilingi 28 kwa yuniti pamoja na kodi, ni kama yuniti 14 kwa siku. Paneli za kilowati 3 hapa Mombasa, zikiwekwa vizuri, zinatoa kama yuniti 12 kwa siku. Lakini msishangilie bado. Friza zikiachwa zifanye kazi kama kawaida, saa za jua zitakula yuniti 6 hivi. Nyingine mnazila usiku na paneli zimelala. Kuna kanuni za mwaka 2024 za kurudisha ziada kwenye gridi, ila mnahesabiwa nusu tu ya mnachorudisha. Na betri kubwa ya kubeba usiku mzima itameza laki zenu zote.

Nyinyi lakini mna betri tayari: barafu. Maji yote ya kugandisha yaingie kwenye friza saa tatu asubuhi, si jioni baada ya mauzo kama wafanyavyo wengi. Kompresa zipigane na joto jua likiwa kali, mpaka saa kumi ziwe zimegandisha vizuri. Usiku vifuniko visifunguliwe, na friza moja iliyojaa barafu inaweza kukatwa kwa saa kadhaa bila samaki kuharibika. Kwa mpango huo mnaweza kufika yuniti 9 za jua kwa siku. Hizo ni kama shilingi 7,500 kwa mwezi. Tuseme mfumo mzima na betri ndogo umewagharimu laki tatu na nusu: unajilipa chini ya miaka minne. Ni kama asilimia 26 kwa mwaka, zaidi ya ile bondi ya serikali, ingawa nisiwadanganye, bondi hurudisha mtaji mwishoni, na paneli huchakaa. Inveta nayo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha friza, jipangieni kuibadilisha baada ya miaka kumi hivi.

Nimesema betri ndogo, msiiache hata mkishawishiwa na bei. Inveta ya kufuata gridi isiyo na betri hujizima stima ikikatika, ili isimuue fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo. Kuna watu wamefunga paneli za laki kadhaa, stima ikapotea saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, na nyumba ikawa giza. Ukubwa wa inveta pia: kompresa ikiwaka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida kwa sekunde chache. Friza tano zikiwaka pamoja, inveta iliyopimwa kwa hesabu ya kawaida itakata. Muulizeni fundi swali hilo hilo. Akisitasita, ahsante, kwaheri. Na awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi, mwione kwa macho, si picha kwenye simu.

Halafu chumvi. Nilisimamia nyumba moja ya wageni upande wa Shanzu ambako fundi alituwekea boliti za chuma cha kawaida, na mimi sikuzikagua, kosa langu. Mwaka wa pili ukizishika zinameguka kama biskuti. Upepo wa kusi ulipoingia uling'oa paneli mbili, moja ikatua kwenye mwembe wa jirani. Hapa pwani ni boliti za chuma kisichoshika kutu, reli za alumini, na paneli ziwe zimepimwa kwa mvuke wa chumvi. Cheti kipo, mwambieni muuzaji akilete.

Paa ni la nani? Hamkusema. Kama mmepanga, mwenye nyumba aandike kwamba paneli ni mali ya chama na mtaziondoa mkihama. Bila karatasi hiyo mnampamba mwenye nyumba.

Kuhusu riba: kununua paneli kwa pesa taslimu hakuna riba ndani yake, na hilo peke yake linawaondolea ugomvi kwenye kikao. Bondi ya serikali ni mkopo wa riba, hamuwezi kuizunguka. Malaysia mwaka 2017 ilitoa sukuk (hati ya uwekezaji isiyo na riba) ya kwanza ya kijani duniani, ya kujengea mashamba ya sola huko Sabah, na mwaka uliofuata serikali ya Indonesia ikafuata na yake. Kenya ilipata sukuk mwaka 2023, lakini ilikuwa ya nyumba. Ikija ya kawi nitakuwa wa kwanza kuwaandikia. Hisa, muulizeni sheikh wenu. Mimi ni mtu wa nyaya.

Laki mbili na nusu zitakazobaki ziacheni palipo salama, kwa ajili ya friza itakayokufa, maana mojawapo itakufa.

Kabla hamjampigia fundi yeyote, nunueni daftari. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni mtu mmoja asome mita, aandike yuniti zilizobaki na tokeni zilizoingizwa. Siku 14, bila kuruka hata Ijumaa. Nitumieni hizo namba 28 na picha ya paa iliyopigwa saa saba mchana nione kivuli kinaangukia wapi, kisha tutajua kama ni kilowati 3 mnazohitaji au mbili.